Somo Kanitangulia

Rahaleo, 12 Juni 2025

Mwali wangu Riziki,

Hujambo, na wa nyumbani? Mimi mzima, tena kwa bahati hakuna wa kunishinda Rahaleo nzima. Gari la kupima matiti lilipofika, wa kwanza kuingia nilikuwa mimi. Mashine ikapiga picha, karatasi ikatoka: salama. Nesi akasema matiti yangu ni ya msichana. Mtu niliyefika Dar mara tatu, na Msumbiji juu, nilijua tu.

Uliandika huingii gari hilo mpaka nikutangulie, kama nilipokufunda unyagoni nikainywa kwanza mimi ile dawa chungu. Haya, somo wako kanywa. Wiki ijayo linakuja huko Mpapura. Serikali imelipia kila kitu, ila fungu linakwisha mwisho wa Juni. Hiyo gololi uliyoigusa titini tangu Ramadhani, kaionyeshe.

Naandika barua kwa sababu simu ya mumeo inasomwa na ukoo mzima. Idrisa wa mihogo atakuletea. Nimekukumbuka mpaka naota ming'oko, ile mizizi ya porini tuliyokuwa tukichemsha huko.

Somo wako,
Saida

Mpapura, 15 Juni 2025

Somo wangu,

Shikamoo. Sisi wazima, baba watoto yuko shambani anapulizia mikorosho. Nyumba yako ya huku, tangu uhamie mjini, wamehamia popo, lakini nikipita bado nabisha hodi, halafu najicheka mwenyewe.

Huku wanasema wakikuta kitu wanakata. Naogopa, somo. Ila kama umetangulia, nitakwenda. Niandikie hata mistari miwili kabla ya Alhamisi.

Mwali wako,
Riziki

Mpapura, 21 Juni 2025

Somo wangu,

Shikamoo. Idrisa karudi mikono mitupu. Unaumwa?

Nimepimwa. Gololi wameiona. Alhamisi hii natakiwa hospitali ya mkoa, wachukue kinyama kidogo wakakichunguze. Nesi anasema nimewahi, kuja mapema kunasaidia. Nikamuuliza kama anamkumbuka Saida wa Rahaleo, mwenye matiti ya msichana. Akasema hapana. Nikamwambia, "Basi dada, kichwa chako kibovu. Yule hasahauliki."

Nitumie karatasi yako ile ya salama. Nataka niishike wakati naingia. Nitajiona niko na wewe.

Mwali wako,
Riziki

Rahaleo, 23 Juni 2025

Mwali wangu,

Marahaba. Vipi usingizi, unaupata? Barua yako nimeisoma mpaka imelainika kama kitambaa.

Njoo Jumatano ulale kwangu. Shuka nimefua, na ming'oko usisahau, maana ya sokoni hapa imekauka kama wauzaji wake. Alhamisi tunakwenda wote. Nitakushika mkono, finya unavyotaka, nimeshafinywa na waume wawili.

Halafu Ijumaa wewe ndiye utakayenipeleka mimi. Gari limerudi mjini, liko Shangani mpaka tarehe thelathini. Na mimi nina gololi yangu, upande wa kushoto, tangu mwaka jana. Hata wewe sikukwambia. Nani angeamini, na mdomo wangu huu?

Yule nesi usimlaumu, kichwa chake kizima. Siku ile nilifika kwenye foleni, nikawaona wanawake wanatoka wamezikumbatia khanga zao vifuani. Nikageuka, nikaenda kununua dagaa. Barua yako ya kuomba mistari miwili ilikuja, nikashika kalamu siku tatu, sikuweza kurudia maneno yale.

Mlangoni nitakusubiri mimi. Karatasi usiisubiri. Safari hii aliyetangulia ni wewe.

Sikupimwa, Riziki. Nilikudanganya.

Somo wako,
Saida