Jani la Isale Mezani

Kijenge, Arusha
Jumatatu, 17 Novemba 2025

Mdogo wangu Rodrick,

Pokea salamu zangu nyingi. Kifua kinaendeleaje tangu baridi ile ya Julai? Sisi ni wazima, ila mvua imeifanya Kijenge yote tope. Simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii namwachia Hope, mhudumu wako, akupe mkononi.

Jumamosi nilimleta Baba kwenye lile soko la zamani lililogeuzwa ukumbi wa vyakula. Alikuwa amekuja mjini kupimwa macho. Sikumwambia kwamba unapika humo. Aliingia akipapasa kuta za mawe, akanionyesha nguzo walipotundika mzani enzi alipoleta ndizi. Alikuwa na furaha, na mimi nilikuwa nakutafuta kwa macho.

Tulipokaa, Hope akamwamkia, akasema mtori wa hapa ni wa Rodrick wa Kibosho, ila mwenyewe ameenda soko la Kwa Mrombo kufuata ndizi. Baba akaniuliza kama ni Rodrick yule. Nikakubali. Akainuka na fimbo yake.

Unajua kwa nini. Krismasi ile uliposema mbele ya ukoo kwamba humhesabu kuwa baba, alitamka hutakanyaga kihambani, shambani kwa ukoo, mpaka umpelekee jani la isale uombe radhi. Nawe ukaapa hutambebea mtu jani. Kila tunapochinja, sehemu yako ya nyama inakosa wa kuipokea.

Basi alipoinuka, mkono wake ukagusa glasi ya maji iliyokuwa mezani, na ndani yake jani la isale. Akalishika ukingoni, taratibu, akaketi tena. Akamwuliza Hope nani ameliweka. Hope akajibu kwamba ni Rodrick mwenyewe.

Baba akaagiza mtori, akaula wote. Mimi hata kijiko sikuinua, maana kila meza ilikuwa na jani kama lile. Rodrick, mtoto gani wa Kibosho hufanya isale kuwa maua ya mezani? Meza ya jirani walilisukuma lao kando wapate pa kuweka simu! Niliomba Baba asigeuke. Alipomaliza akalifuta jani kwa leso, akalitia mfuko wa ndani wa koti. Nikamtoa kwa mlango wa nyuma, asipite katikati ya meza.

Njiani nikashindwa. Nikaona namwacha mzee arudi nyumbani na uongo. Nikamwambia, "Baba, lile jani ni pambo tu. Yapo kila meza."

Akacheka kidogo. "Nimeyaona, Fransiska. Macho hayajafa kiasi hicho."

Nikamwuliza kwa nini basi amelichukua.

"Amelikata yeye, na limefika mbele yangu. Unataka nisubiri lipi tena?"

Jana amerudi Kibosho. Asubuhi hii ameniambia kwa simu kwamba jani amelichomeka juu ya mlango, na baba zetu wadogo ameshawaambia umeomba radhi naye amekusamehe. Mbuzi wa Krismasi amemtenga. Usipokuja, mdogo wangu, safari hii ukoo utamcheka yeye.

Wasalimie wenzako wa jikoni, na uvae sweta asubuhi.

Ni mimi dada yako,
Fransiska