Makala Yenye Nilishindwa Kujua

Siku ya yenga, njo Jumapili, mangaribi.

Na nani mu Lubumbashi anajua makala, ile makaa ya kupikia, kunishinda miye? Unipe kipande, nikigonge, nikinuse, nitakuambia muti yake. Siku moja ku mupaka wa Kasumbalesa nilinusa moshi yenye kutoka Zambia, nikataja muti na kijiji.

Basi leo Béa, mutoto wa dada yangu, mwenye kusoma mambo ya mimea ku univerisite, akaniletea kipande kadogo ka makala. Balikatoa chini sana mu matope ya dembo, lile bonde ya majani yenye maji. Bashemeji bote bakakaa kuangalia. Nikagonga, nikanusa, hata nikalamba. Hakuna. Kudanganya ilikuwa mwepesi, lakini mutoto alishika kalamu. Uongo yangu ingeingia mu kazi yake ya masomo.

"Hii muti sijue," nikasema.

"Ee! Mufalme wa makala ameanguka!" shemeji mukubwa akapiga makofi.

Lakini Béa akaruka. "Aksanti, tonton! Hauwezi kuijua. Zamani sana, dunia ilipopoa, miti ya ku milima ilishuka mpaka huku. Joto iliporudi, ile miti ikapanda tena kule juu, na miombo yetu ikachukua nafasi. Hii makala njo ya miti ya ile baridi."

Roho yangu ikatulia. Sababu muntu mwenye kujua miti yote ya leo, njo yeye tu anaweza kutambua ile yenye haiote tena huku. Bashemeji nimebaambia hiyo mara tatu, mbele hata ya chakula kufika.