K ya Kaskazini, K ya Kusini

*(Nimeinakili kutoka daftari langu la mwaka 1999, wakati huo nikikaa Waberi, Garissa. Sikurekebisha kitu.)*

Jumamosi, saa nane mchana. Joto la kuchoma mabati, na upepo wenyewe ni moto.

Leo nimeamka nikitaka kumpiga mtu. Nikatazama chumba kizima, nikajikuta niko peke yangu, basi nikaupiga ukuta. Vidole vya mkono wa kulia vimefura kama mahamri, kwa hivyo mwandiko wa ukurasa huu si wa kawaida yangu.

Habaryar Dahabo yuko hospitali. Habaryar kwetu ni mama mdogo, na huyu ni mdogo wa mama yangu mzazi. Mama alifariki nikiwa na miaka minne, na tangu siku ile nimekula kwenye sahani moja na wanawe watatu wa kiume. Risasi ilimwingia ubavuni juzi. Wameitoa, wakashona, lakini utumbo umetoboka na homa haishuki. Daktari anasema tuombe Mungu, na daktari akisema hivyo unajua mambo yamefika wapi.

Waberi nzima inasema aliyemponza ni mzungu na mashine yake.

Si kweli. Ni mimi. Naandika hapa kwanza nione kama mkono utakubali, labda mdomo utafuata.

Huyo mzungu ni Joris, Mbelgiji, mchimba visima mstaafu. Alifanya kazi Tanga miaka mingi mpaka Kiswahili chake kinanitia aibu mimi niliyesoma hapa hapa. Alifika Garissa na lori la zamani aliloligeuza nyumba: kitanda, jiko la gesi, sinki, tangi la maji, hata mapazia ya maua. Alitaka kupita Wajir na Bute hadi Moyale, aingie Ethiopia. Akanichukua niwe dereva wa zamu na mkalimani, kwa sababu nimeendesha malori ya ng'ombe tangu nimalize shule.

Alikuwa na kompyuta ya mapajani iliyounganishwa kwa waya na kidude cha jipiesi, saizi ya tochi. Unaandika namba za mahali unapokwenda, kompyuta inachora mstari mwekundu juu ya ramani, na kidude kinakuonyesha mshale njia nzima. Wiki mbili tulikaa mezani ndani ya lori lile tukipanga safari: hapa maji, hapa dizeli, hapa tutalala. Sijawahi kukipenda chombo vile. Nimezunguka miaka mingi nikiuliza njia kwa wachunga ngamia, wakinicheka kwamba mtoto wa mjini hajui hata upande jua linakochomoza. Kwa kidude hiki sikuwa na haja ya kumuuliza mtu yeyote tena.

Kiburi ndicho kilichoniingia. Sina jina jingine la kukiita.

Habaryar akaomba tumbebe hadi Bute, binti yake amejifungua huko. Joris alifurahi sana, kwa sababu yule mama ameuza maziwa ya ngamia kwenye barabara ile miaka ishirini, na hakuna kichaka asichokijua.

Alhamisi asubuhi tulikuwa tuungane na msafara wa malori unaosindikizwa na askari. Bila askari hakuna mwenye akili anayepita huko, majambazi wa shifta wamejaa. Niliingia ofisi ya kituo cha mafuta penye redio ya mawasiliano. Sajenti wa msafara akanisomea mahali pa kukutana, kisimani, nje kidogo ya barabara. Redio ilikuwa inakoroma. Nikaandika nyuma ya pakiti ya sigara: 0, 14, K. Chini yake: 39, 34, M.

Nikarudi kwenye lori. Joris alikuwa ameshika kidude, kidole tayari.

"Hii K ni ipi? Kaskazini au kusini?"

Sikukumbuka. Wallahi sikukumbuka. Nani alizipanga herufi hizi? Kaskazini K, kusini K, mashariki M, magharibi M, halafu wanakwambia lugha ni utajiri. Garissa iko chini kidogo ya ikweta, ukienda mbele kidogo unaivuka, kwa hivyo hizo dakika kumi na nne za ramani zingeweza kuwa huku au kule. Kurudi redioni kungenichukua dakika mbili. Lakini jamaa anayeshika redio pale ofisini alikwisha kunicheka mbele ya watu nilipomwomba sajenti arudie namba, na sikutaka anicheke tena.

Nikasema, "Kaskazini, bwana. Kwani tunaenda wapi?"

Akabonyeza.

Hapo ndipo nilipompiga Habaryar risasi. Shifta walikuja kumalizia tu.

Tulikuwa tumekwenda kama nusu saa, yeye amekaa kati yetu pale mbele, aliponyoosha mkono kulia. Aliongea Kiswahili ili Joris naye asikie. Kiswahili chake ni cha sokoni, p kwake ni b na v ni f.

"Simama haba. Magari imebita haba, mingi. Angalia gurudumu yake."

Kweli alama za magurudumu zilikuwepo, mbichi, zimeingia kichakani. Joris akapunguza mwendo, akanitazama. Nami nikatazama mshale. Mshale ulisema mbele.

"Habaryar," nikamwambia, "setilaiti haisomi nyayo."

Nikacheka. Joris hakucheka, lakini aliongeza mwendo, kwa sababu mimi ndiye mwenyeji.

Tukavuka ikweta, tukaendelea sana. Halafu mshale ukapinda kulia, nje ya barabara, ambako hapakuwa na njia, ni vijia vya ngamia tu na miiba. Akasema tena: huku hakuna kisima, huku watu wazuri hawabiti. Joris akauliza kama tusimame tufikirie. Nikaona haya kwa sababu ya huyu mama yangu mlezi. Mimi msomi, mbele ya mgeni, nasahihishwa na mwanamke asiyejua kusoma saa!

Mara ya tatu aliposema, nikamwambia aende akalale nyuma kitandani, ametuchosha.

Kule mbele ni chuma. Kule nyuma, kwenye nyumba, ni mbao nyembamba na mapazia ya maua.

Kidude kikalia kwamba tumefika. Hapakuwa na kisima. Hapakuwa na lori wala askari. Joris alianza kusema neno, sijui neno gani, kioo kikapasuka mbele ya uso wake.

Sijui kuandika milio ile. Ilikuwa kama mtu anapiga debe ndani ya kichwa changu. Magurudumu mawili yakapasuka, lori likainama upande mmoja. Nilijitupa chini ya dashibodi, nikajikunja, na nikajikojolea, nalisema hapa kwa sababu nimeamua kusema yote. Kule nyuma nikamsikia Habaryar akipiga ukelele mmoja, mfupi, kama mtu aliyekanyaga msumari. Halafu akawa anamtaja Mungu polepole.

Joris alifungua mlango, akatoka mikono juu, mzee wa miaka sitini na tano. Aliwaambia kwa Kiswahili, "Kuna mama ndani, kuna mama ndani." Wakamgonga shingoni kwa kitako cha bunduki, akaanguka kifudifudi. Walikuwa saba. Walichukua kompyuta, godoro, jiko na sukari. Mmoja alikishika kidude, akakiweka sikioni, akaniuliza kwa Kisomali kama kinashika taarifa ya habari. Nikasema hapana. Akakitupa mchangani.

Risasi zilikuwa zimetoboa tangi, maji yanaruka kwa matundu manne. Wakapanga foleni! Wakakinga viganja, wakanywa, wakanawa nyuso, mmoja akatawadha. Futi mbili kutoka hapo, upande wa pili wa ubao, mama yangu anavuja damu. Nilimtazama yule aliyetawadha nikatamani kumng'oa koo kwa meno yangu. Sikusogea hata kidole.

Walipoondoka, Joris alifunga kidonda kwa pazia. Mimi nikaokota kidude. Kilikuwa kizima. Kilikuwa kimehifadhi njia tuliyojia, mti kwa mti, na nikairudia njia ile kinyumenyume nikiendesha kwa rimu hadi barabarani, tukapata lori la mbuzi la kutuvuta. Hakikukosea hata kidogo. Wala wakati wa kwenda hakikukosea, kilitupeleka pale pale nilipokituma.

Jana Joris alimtolea Habaryar damu, kwa kuwa yake ilikubaliana na ya mgonjwa na yetu ilikataa. Lori lake wamelikokota hadi uwanja wa hospitali, naye analala mle ndani penye matundu. Amekataa kuondoka mpaka ajue mama amepona.

Sasa ya leo asubuhi, ambayo ndiyo inayonila.

Yusuf, mwana mkubwa wa Habaryar, alitoka wodini macho mekundu. Nilikuwa nimesimama penye bomba. Akanishika bega, akaniuliza, "Zile namba, ni huyu mzungu aliyeziweka kwenye mashine?"

Nikasema, "Ndiye aliyebonyeza."

Tafuta uongo katika sentensi hiyo. Hakuna. Ndiyo maana nataka kujitapika.

Yusuf na ndugu zake wawili wakaenda moja kwa moja kwenye lori. Walimtoa Joris kwa nywele. Yusuf alimpiga ngumi ya kwanza ya tumbo, miwani ikaruka, wadogo zake wakamalizia kwa mateke. Nilisikia ubavu ukivunjika, sauti yake ni kama ukuni mkavu. Damu ikamtoka sikioni. Hakujitetea. Alikuwa akisema, "Samahani, samahani sana," kwa kile Kiswahili chake safi, akiwaomba radhi kwa kosa langu. Watu walikuwa wengi, wengine wakipiga makofi. Mlinzi na wauguzi ndio waliowatenganisha. Joris akiwa chini alinitazama. Anajua. Aliuliza K ni ipi na anajua nilijibu nini. Angeweza kusema neno moja tu nikapigwa mimi, na hakulisema.

Nami nikafungua bomba, nikanawa mikono. Mungu wangu, nilinawa mikono.

Yusuf akaondoka akisema kwa sauti, kila mtu asikie: "Mama akifa, huyu hatoki Garissa." Nimekua naye. Yusuf hatishii, anatoa taarifa.

Saa sita niliingia wodini. Habaryar alikuwa macho, midomo imekauka, lakini akili yake yote ipo. Aliniita "habaryar", maana kwetu mama mdogo humwita mtoto kwa jina lile lile analoitwa yeye. Nikapiga magoti. Nikamwambia kwa Kisomali habari ya pakiti ya sigara, ile herufi, redio, na kile kicheko nilichokiogopa. Nililia nikimwaga kamasi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Najua. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi chini ya dirisha la redio. Yule askari alisema kusini."

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mara tatu."

Kisha akafumba macho kwa maumivu, akanishika kidole kimoja kati ya hivi vilivyofura. Sikuthubutu kukivuta.

"Nikifa, wanangu wataua mtu bure," akasema. "Nenda ukawaambie ndugu zako kabla sijafa."

Nikamwomba awaite yeye, awaeleze yeye, neno lake watalipokea.

"Sikusemei," akasema. "Nimekusemea tangu una miaka minne. Imetosha."

Akageuza uso ukutani. Nikainuka, nikarudi nyumbani.

Sasa niko chumbani. Upande wa pili wa ukuta nawasikia wote watatu, wamekula na wanangoja alasiri. Yusuf anasema wakitoka msikitini watarudi hospitali, na mara hii mlinzi asijaribu kuwazuia. Mmoja anatafuta rungu la baba yao. Yusuf amemwambia liko nyuma ya mlango.

Ninaogopa. Kuna sauti ndani yangu inayosema nipande basi la saa kumi, Nairobi ni kubwa, nani atanijua. Sauti hiyo ina ulimi mtamu sana. Ndiyo iliyosema kaskazini.

Nimevaa viatu. Sitasubiri watoke msikitini. Nitaswali kule kule kwenye uwanja wa hospitali, halafu nikae kwenye ngazi ya lori la Joris, mgongo mlangoni, na wakifika niwaambie kwamba aliyebonyeza aliuliza kwanza, na aliyejibu ni mimi. Pakiti ya sigara ninayo mfukoni. Wakitaka kuvunja mbavu nyingine, zangu ziko kamili.

Mkono wa Yusuf ni mzito. Kesho itanikuta na meno au bila.