Kambale wa Bwawa la Baba Denis

Kharumwa

Dada Anisia,

Shikamoo. Simu yako haipatikani tangu Jumapili, ndiyo maana nimempa dereva wa lori barua hii aifikishe Isaka leo leo.

Huku karanga zimetoka vizuri. Kambale wa mume wangu wanazidi kukua. Yule mkubwa anakaribia urefu wa mlango, na wiki jana alimeza bata mzima mbele ya macho yangu.

Juzi alikuja bwana samaki wa wilaya. Alimsifu sana yule mkubwa, halafu akauona mtaro. Kiangazi bwawa lilipoanza kukauka, Baba Denis alielekeza humo maji yanayotoka mahali pa kuoshea dhahabu, samaki wasife. Bwana samaki akaniuliza taratibu, "Mama Denis, hawa mmeshawala?"

Anasema maji yale yana zebaki, inaingia kwenye nyama, na hata ukichemsha haitoki. Anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni.

Dada, wale kambale wakavu niliomtumia Vumilia apate nguvu za kujifungua, asiwaguse tena. Wafukie, hata paka asipewe. Mpeleke mwanao kliniki, umweleze nesi kila kitu. Ni mimi niliyewatuma.

Baba Denis hataki kusikia. Jana alikula kichwa chote cha kambale.

Mwandiko wangu usikushangaze. Mkono huu unatetemeka tangu Pasaka, nami nilidhani ni uchovu wa jembe.

Mdogo wako,
Elieth