Kaseti ya Magitaa Siku ya Kumenya Ndizi

Mjukuu wangu Koku,

Shikamoo yako imenifika, marahaba. Huku Nkwenda tu wazima, na kahawa imeanza kuiva.

Unauliza kwa nini kaseti ile ya Kizungu, yenye magitaa laini, ilipendwa na kila mtu. Tulipokuwa tunamenya ndizi za harusi ya dada yangu, Walutheri na Wakatoliki waligombana: ipigwe kwaya ya nani? Kaka yangu akaweka hiyo. Kelele zikaisha.

Mama akasema, "Huyu anamsifu Mungu."

Jirani yetu Mnyarwanda akakataa. "Analilia ng'ombe wake."

Babu yako, wakati huo mwalimu mgeni, akaninong'oneza, "Anaimba kwamba ameachwa na mkewe. Waache tu, wamepatana." Akaendelea kumenya.

Siku hiyohiyo nilijua nitaolewa na nani.

Bibi yako