Malengo Yangu Kabla ya Msako wa Muyuni

Jumatatu, 7 Julai

Baiskeli imepata pancha. Nimeisukuma kutoka Mazizini mpaka mjini, jua lishatoka.

Mbwa wangu Radi hajambo. Analala bandani kwa shemeji Khamis kule Mbweni, maana mke wangu Zuhura hataki mbwa nyumbani, na ana haki. Vyumba viwili, watu wanasali. Leo nimemkimbiza mbwa mpaka pwani na kurudi. Yeye hata hahemi. Mimi nimekaa chini mara mbili. Miaka arubaini na sita na kitambi cha fundi wa kutengeneza cherehani, anayekaa kutwa.

Msako unaanza Jumapili ya tarehe 27. Bwana Vuai, mkuu wetu wa msako, katuma ujumbe: tunakwenda Muyuni, nguruwe wamemaliza muhogo wa watu. Miaka yote nakwenda tu, kama mtu anayekwenda harusini. Mwaka huu nataka kujiwekea malengo. La kwanza, pumzi: nikimbie pwani na kurudi bila kukaa. La pili, Radi ajue kuwaacha paa. Paa ni marufuku kuwagusa, na mwaka jana alimfukuza mmoja, nikaona haya mbele ya wenzangu.

La tatu lipo. Sijaliandika.

Jumatano, 9 Julai

Nnaliandika leo. Daftari hili halisomwi na mtu.

Kumwambia Makame ukweli.

Msimu uliopita tulisimama pamoja kwenye wavu, mimi na yeye. Yeye kashika wavu, mimi nina mkuki. Kazi yangu ilikuwa moja: nguruwe akinasa, nimchome. Alikuja dume kubwa. Nikakimbia. Dume likapita ubavuni mwa wavu, likamchana Makame paja. Alishonwa nyuzi kumi na tisa.

Niliwaambia watu nimeteleza. Mawe yalikuwa mabichi, wakaamini. Makame mwenyewe, kalala kitandani, akawa anawaambia wanaokuja kumtazama: msimlaumu Idrisa, pale panateleza.

Sikuteleza. Niliogopa.

Jumamosi, 12 Julai

Siku nzuri. Shemeji Khamis ana mbuzi wanne. Nimemfunga Radi kamba ndefu, mbuzi wakapitishwa mbele yake. Akiruka, navuta, nasema "Wacha". Akitulia, anapata kichwa cha dagaa. Mara ya kwanza alinivuta mpaka nikaanguka kwenye mavi ya mbuzi. Khamis alicheka mpaka akakaa chini. Kufika adhuhuri Radi alikuwa akisikia "Wacha" ananitazama mkononi.

Ni mbwa mwerevu kuliko nilivyodhani. Nimefurahi kutwa nzima kwa jambo dogo hilo.

Jumanne, 15 Julai

Nimekwenda kwa Makame, Jang'ombe. Yeye ni fundi rangi, nimemkuta anaosha brashi uani. Chai ikaletwa. Tukazungumza habari za Muyuni, za mbwa, za rangi iliyopanda bei. Akapandisha kikoi kunionyesha kovu, limepona vizuri, anasema siku hizi linawasha tu kukiwa na mvua.

Nimerudi na maneno yangu vilevile. Mwoga mara mbili.

Ijumaa, 18 Julai

Nshamwambia.

Baada ya sala nilimngoja nje ya msikiti. Tumekwenda kukaa Forodhani, kwenye ukuta, wauza chakula bado hawajaja. Nikasema yote bila kumwangalia.

"Umemaliza?"

"Nshamaliza."

"Mwaka mzima nakutetea mbele za watu."

"Nnajua."

"Hujui," akasema. "Mama yangu alikuwa anakusema, nikamnyamazisha. Mama yangu."

Akavaa kofia yake akaenda zake. Anachechemea kidogo. Sikuwa nimeona kabla, au sikutaka kuona.

Jumapili, 20 Julai

Zuhura nimemweleza jana. Yeye hajui kupamba maneno. Kasema, "Umechelewa, lakini umesema." Kisha kanipakulia wali.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Bwana Vuai. Nimemwamkia, kaitika, kanikaribisha barazani. Nimemwambia na yeye, kwa sababu yeye ndiye anayepanga watu kwenye wavu na hana budi kujua anampanga nani. Alisikiliza huku anakuna ndevu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi utaingia mwituni na mbwa, pamoja na waswagaji."

Waswagaji ndio wanaomtoa nguruwe kichakani kumpeleka kwenye wavu. Wengi wao ni vijana. Mimi na mvi zangu. Nimeumia moyo mpaka magharibi, kisha nikaona ni haki. Usiku huu naona nitalala vizuri kuliko siku nyingi.

Alhamisi, 24 Julai

Pwani na kurudi. Sikukaa. Nilitaka kumwambia mtu, hapakuwa na mtu ila Radi.

Nimekutana na Makame Darajani. Kaitika salamu. Basi.

Jumapili, 27 Julai

Naandika nimechoka, lakini niandike.

Lori limetuchukua alfajiri. Watu kumi na wanane, mbwa kumi na mmoja. Makame alikaa mbele, mimi nyuma na mbwa. Muyuni nchi ya mawe makali, miba kila mahali, upupu. Bwana Vuai akawapanga wenye wavu upande wa mashamba, Makame miongoni mwao. Sisi tukazunguka.

Kichaka cha kwanza akatoka paa. Radi akaruka. Nikasema "Wacha", sauti ikanitoka nyembamba. Akakimbia hatua kumi hivi, akasimama, akageuka. Nilimshika kichwa kama mwanangu.

Kichaka cha pili walikuwamo. Mbwa wakalia kwa pamoja, jike na dume wakatoka. Jike likaenda kwenye wavu moja kwa moja. Dume likageuka. Mstari wetu ulikuwa na pengo, na kwenye pengo nilikuwa mimi peke yangu. Nilitaka kukimbia. Nasema kweli, mguu mmoja ulishatangulia kurudi nyuma. Nikauzuia. Nikainamisha mkuki nikapiga kelele, sijui nilisema nini, na Radi akaja ubavuni mwa dume anabweka. Likanitazama. Likageuka, likaenda kwa wenye wavu. Makame ndiye aliyelichoma.

Baadaye nilikuwa nimekaa juu ya jiwe. Makame akaja, akasimama mbele yangu.

"Safari hii nlikuwa nakuangalia," akasema.

"Ukaona nini?"

"Nimeona unatetemeka." Akakaa, akanyoosha mguu wake mbaya. "Tangu mwaka jana na mimi natetemeka. Sijamwambia mtu."

Akatoa mkate wa kumimina kwenye karatasi, akaukata, akanipa kipande kikubwa. Tukala. Nguruwe walichukuliwa na wavunja kokoto kutoka bara, wao wanawala. Mwenye shamba, mama mtu mzima, alikuja kutuombea dua, akarudi shambani kwake.

Jumatatu, 28 Julai

Mwili wote unauma. Zuhura amenitoa miba begani kwa sindano, anasema kama natengeneza cherehani basi na mimi natengenezwa. Nimefungua duka saa nne.

Alasiri Makame kaleta cherehani cha mkewe, mkanda umekatika. Nimemwambia akifuate kesho. Akasema atangoja. Akakaa kwenye kibao karibu na mlango, mguu kaunyoosha, mpaka nikamaliza.