Habari Iliyochelewa Teksasi

Al Amerat, Muscat
19 Juni

Kaka Ildefonce,

Huku joto limezidi, lakini mimi mzima. Ghalia, mtoto wa bosi wangu, anasoma shule ya mtaala wa Kimarekani, na jioni mimi ndiye mwalimu wake. Shahada yangu ya historia haijaoza.

Leo amesoma kwa nini Wamarekani huadhimisha tarehe hii. Watumwa wa Teksasi walitangaziwa uhuru miaka miwili na nusu baada ya amri ya kuwaweka huru.

"Dada Theodora, kwani hapana alokwenda kuwambia?"

Nikamjibu kwamba inasemekana mabwana zao waliojua walinyamaza, ili mavuno yaishe kwanza.

"Ndo walikuwa wakilima tu, kumbe wako huru?"

Swali hilo limenikaa moyoni. Zamani nikikuuliza habari za mama, ulijibu, "Anakusalimia." Tangu Pasaka unajibu, "Yupo." Najua kwetu aliye mbali haambiwi msiba, asije akaacha kazi. Na mkataba wangu unaisha Agosti.

Kaka, usisubiri nimalize mavuno. Kama mama hawezi tena kunisalimia, niambie leo.

Mdogo wako anayengoja jibu,
Theodora